Sijaletewa Ngozi

Nilikataa kuipokea ile ngozi. Kijana alikuwa amesimama mlangoni kwangu, shuka begani, makubazi yake ya matairi yamejaa vumbi jekundu la barabara ya kutoka Ngorongoro, na mikononi ameshika furushi la ngozi ya kondoo lililofungwa kwa kamba ya katani. Alinipa shikamoo vizuri kabisa. Akasema yeye ni Lemayian, mtoto wa Naserian, kwamba mama yake wamemzika juzi juzi tu, na kwamba kabla hajafa alimwagiza ateremke Karatu, amuulizie Paskalina, binti wa yule mzee wa Qurus aliyekuwa akichagulia watu ng'ombe mnadani, amkabidhi kitu hiki mkononi. Nikamwambia, "Pole sana kwa msiba, mwanangu. Ingia ndani unywe chai. Lakini hicho kitu kirudishe ulikokitoa."

Mtu wa mbali angeniona nimerukwa na akili. Wewe uliyekulia huku, wa umri wangu, unajua. Kwetu mwenye ng'ombe haweki wote zizini kwake. Mmoja anamweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mwingine kule juu kwa Mmasai anayemwamini, ili ugonjwa ukiingia usimfagilie wote kwa mkupuo. Anayekutunzia anakunywa maziwa, ndama ni wako. Na ng'ombe akifa, mtunzaji hana haja ya maelezo mengi: anakuletea ngozi. Mimi nilikuwa na mali yangu kwa Naserian tangu tukiwa wasichana wa shule ya msingi, na kila aliyenicheka kwa ajili ya mali hiyo nilimjibu neno moja tu, kwamba sijaletewa ngozi.

Sasa imeletwa. Na kwa bahati yangu mbaya kaka yangu Petro alikuwapo, amekaa kwenye kochi langu, miguu mibovu ameinyoosha juu ya stuli yangu, anakunywa chai yangu. Akatazama furushi, akanitazama mimi. "Nilikuambia, Paska," akasema. Nikamwambia anyamaze, hapa ni kwangu.

Lemayian aliketi na furushi lake mapajani, wala hakulazimisha. Ndipo harufu ikanifikia. Kwanza mafuta ya kondoo na moshi, hilo nililitegemea. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, nyembamba, ya mafuta ya cherehani, na hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu wote.

Mama yangu alikuwa mshonaji, na kile kikopo chake cha mafuta chenye mdomo mrefu nilikiiba mara nyingi kuliko sukari. Nilikuwa nawapaka ng'ombe wangu. Nawaita ng'ombe, na mpaka leo ulimi unakataa kusema vinginevyo, ila kwa ajili yako nitasema: zilikuwa treni. Treni za kuchezea, za zamani, za bati na za chuma, walizoziacha watoto wa Wazungu wenye mashamba. Haya, cheka umalize, tuendelee.

Walipoondoka wale wenye mashamba ya kahawa na ngano, nyumba zao zilibaki na vitu ambavyo havikuingia kwenye magari yao. Vitu hivyo viliteremka taratibu mpaka vijijini. Mpishi aliondoka na sahani, mlinzi akaondoka na taa, dereva wa trekta akaondoka na sanduku ambalo hata hakujua ndani lina nini. Ukipita kwenye boma la mtu unamkuta mtoto anakokota kwa kamba behewa la kijani lenye madirisha yaliyochorwa kwa rangi ya dhahabu, limejaa udongo, magurudumu mawili hayapo. Mimi roho iliniuma. Nilimpa yule mtoto mayai, naye akanipa behewa lake, na huyo ndiye alikuwa ng'ombe wangu wa kwanza.

Treni yenyewe hatukuwahi kuiona. Karatu reli ingetoka wapi? Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa mtu wa Tabora, na alitueleza kwa hamu ya mtu aliyekumbuka kwao. Alisema treni inakula kuni, inanywa maji mengi sana, inapumua kwa kelele, ikipanda mlima inachoka, na usiku inalia mpaka watu wanaamka. Darasa zima lilicheka, mimi sikucheka. Mimi nilielewa. Kitu kinachokula, kikanywa, kikachoka na kikalia, kwetu kina jina lake. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba Wazungu wana aina yao ya ng'ombe wa chuma, na kwamba hawa wadogo nilionao ni sanamu zao, kama wale ng'ombe wa udongo tuliokuwa tunafinyanga kando ya mto. Miaka mingi ilipita kabla sijaona treni ya kweli, na nilipoiona, nasema kweli, sikuona kwamba nilikosea sana.

Basi nikawa nawachagua kama baba alivyochagua ng'ombe. Siku ya mnada watu walikuja kumchukua baba, hata kutoka Endamarariek, awatazamie mnyama kabla hawajanunua. Petro alichukia mbolea na inzi, kwa hiyo baba aliniburuta mimi. Wanaume walimuuliza, "Huyu wa kike anakuja kufanya nini?" Baba akajibu, "Anashika fimbo yangu." Nikashika fimbo, na macho nikayafungua. Baba alianza kwa kumtembeza mnyama kwenye ardhi ngumu, si kwenye majani, maana majani yanaficha kuchechemea. Halafu mdomo, meno. Halafu anapitisha kiganja juu ya ngozi, kinyume na manyoya, anatafuta kovu. "Huyu wamempaka mafuta asubuhi hii," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini. "Jiulize kwa nini." Mwisho anatafuta alama: sikio limekatwaje, chapa ya moto iko wapi, ni wa ukoo gani.

Nami nikafanya hivyo hivyo. Treni niliiendesha juu ya jiwe la kusagia la bibi, ambalo halina majani wala huruma, nikaona gurudumu gani linachechemea. Nikaigeuza tumbo juu, nikatazama meno ya ndani, yale yanayosagana ukitia ufunguo: yaliyochongoka ni kijana, yaliyolika ni mzee, na mzee aliyelika sawasawa pande zote ni bora kuliko kijana aliyevunjika jino moja. Nikapitisha kidole juu ya rangi. Rangi ya kuzaliwa inachakaa pale mikono inaposhika, juu ya kichwa na ubavuni, basi. Rangi inayong'aa kila mahali inaficha donda. Na chini ya tumbo, karibu kila mmoja alikuwa na chapa, herufi zimegandamizwa kwenye bati. Niliamini ni chapa ya ukoo wa mwenyewe, na waliofanana chapa niliwalaza pamoja kwenye sanduku kwa sababu ni ndugu.

Bora wao wote alikuwa Fahali. Alikuwa kichwa cha treni cheusi, kizito, cha chuma kweli, ukimnyanyua mkono unashuka. Meno yake yalikuwa mazima. Ukimtia ufunguo alitulia kwanza, kama anayefikiri, kisha akaondoka na kupita jiwe zima bila kuyumba. Nilimpata kwa mjane wa mpishi mmoja wa mashamba ya Oldeani, baada ya kumvunia maharage msimu mzima. Kila mnyama wangu nilimtia alama ya baba, kwenye kona ya nyuma upande wa kushoto, kwa tupa ya kunolea panga: mikato miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Baba aliiona, na siku hiyo alinitumikisha kidogo kuliko kawaida.

Naserian alikuwa akiishi kwetu. Baba yake alikuwa rafiki wa baba, ndiye aliyemtunzia baba ng'ombe kule juu, na kwa kuwa shule ilikuwa karibu na kwetu, binti akateremka akae nasi. Tulilala kitanda kimoja, tukagombania blanketi moja. Alikuwa mrefu, mkaidi, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kimasai, kama vile changu kilivyokuwa na koo la Kiiraqw, na tulichekana bila kuchoka. Ng'ombe wa chuma aliwaelewa tangu siku ya kwanza. Hakuniuliza "unacheza nini?" Aliniuliza, "Yupi ni wa kwanza kutoka zizini?"

Balaa lilianza na mtu wa suruali ya bugaluu. Alitoka Arusha, akawa anazunguka vijijini akitafuta vitu vya Wazungu, saa za ukutani, taa, vyombo, na Baba Mkubwa, kaka yake baba, akamleta kwetu aone sanduku langu. Nilisimama pale nikimtazama anavyochagua. Hakumgeuza hata mmoja tumbo juu! Alimnyakua yule mwekundu ambaye dereva wa trekta alikuwa amempaka rangi ya trekta, mnyama kilema asiyetembea hatua, akampuliza vumbi, akasema, "Hii ndiyo mali safi hii." Akamsukuma Fahali kando kwa kidole. Nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote, na dharau hiyo bado ninayo, haijapungua.

Lakini aliwataka wote. Walikubaliana na Baba Mkubwa kwamba mnada unaofuata atakuja na baiskeli, mpya, yenye kengele, aondoke na sanduku. Baiskeli iwe ya Petro, ambaye shule ya kati alikuwa akitembea mpaka anarudi miguu imevimba. Sikuulizwa. Nilipofungua mdomo, Baba Mkubwa alinikata, "Wewe ni mtoto wa kike. Mtoto wa kike hana mifugo, ana sufuria." Nikamtazama baba. Baba aliangalia fimbo yake. Yule alikuwa kaka yake mkubwa, na mkubwa akishasema barazani, mdogo hamjibu mbele ya mgeni.

Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma. Naserian alikaa kando yangu, hakunibembeleza hata kidogo. Baadaye akasema, "Ng'ombe wa baba yako si wapo kwetu?" Nikasema ndiyo. "Mtu anaweza kuja leo akawauza?" Nikatikisa kichwa. "Basi waweke," akasema.

Tukawaweka. Behewa la kijani likaenda kwa Fabiola, mwenzetu wa kule mtoni, yule mwekundu kilema akaenda kwa mapacha wa jirani, wengine huku na huku, na kila mtunzaji nilimwambia masharti kama nilivyomsikia baba: asimpeleke kwenye maji, asimkopeshe mtu, akifa nionyeshwe. Fahali nilimweka kwa Naserian mwenyewe. Shule ilikuwa imefungwa na baba yake alikuja kumchukua waende juu. Alimfunga Fahali ndani ya shuka lake pamoja na ufunguo wake na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani niliyomwibia mama. Kabla hajaondoka akauliza, uso mkavu kabisa, "Na akizaa?"

"Ndama ni wangu," nikasema. "Maziwa yako."

Tukacheka mpaka baba yake akageuka kututazama.

Siku ya mnada yule mtu alifika, na baiskeli ilikuja kweli. Ilikuwa nyekundu, na Petro aliishika usukani, hataki kuiachia. Wanaume walikaa barazani, Baba Mkubwa katikati. "Paska, lete lile sanduku." Nikaleta. Likafunguliwa. Ndani kulikuwa na magunzi ya mahindi.

"Wako wapi?"

"Malishoni, Baba Mkubwa."

"Malishoni ndiyo wapi?"

"Nimewaweka kwa watu."

Alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, kivuli chake kilinifunika mimi na sanduku. "Nenda ukawakusanye sasa hivi, kabla sijakuvunja mkono."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikasema, "Baba Mkubwa, wewe una ng'ombe kwa watu kule Mbulumbulu. Huyu mgeni akiwataka leo, utakwenda kuwanyang'anya watunzaji jioni hii hii? Halafu kesho nani atakutunzia?"

Ala! Mzee mmoja alipaliwa na chai. Mwingine akacheka, akajifanya anakohoa. Mkono wa Baba Mkubwa ulikuwa umeshapanda juu, na mama alikuwa ametokea mlangoni na mkasi wake wa kushonea. Ndipo baba akainua macho kutoka kwenye fimbo. "Kaka," akasema polepole, "wana alama yangu. Niliiona. Mnyama mwenye alama, aliyewekwa kwa mtu, hatolewi kwa sababu mgeni ana haraka. Hata mimi siwezi kuwatoa."

Baiskeli iliondoka jinsi ilivyokuja. Petro aliisindikiza kwa macho mpaka kwenye mikaratusi, kisha akanigeukia na uso ambao sijausahau. Alitembea kwenda shule miaka yote iliyobaki. Magoti yake yakiuma hata leo, ananitajia ile baiskeli. Watu hupenda nikifika hapa niseme ninajuta. Sijuti. Wangemnunulia baiskeli kwa kitu chao.

Watunzaji wangu walinirudishia wote, isipokuwa mmoja. Shule ilifunguliwa, Naserian hakurudi. Ukame ulikuwa umewapiga kule juu, wakahama na mifugo kuelekea Loliondo, na kitanda kikawa kikubwa kwangu peke yangu. Nilichukia ule ukubwa. Watu wakaanza: umeona sasa, Mmasai ameondoka na treni yako. Petro alisema kwa furaha kabisa. Nilimrushia kijiko.

Halafu, baada ya mvua kurudi, baba yake Naserian aliteremka kwetu na ngozi begani. Ilikuwa ya ng'ombe wa baba. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha chakula, wakaongea mambo mengine, kwisha. Nilisubiri mpaka mgeni ameshiba, nikamsogelea. "Na wangu?"

Alinitazama, hakucheka. "Wako sijapewa kitu chochote nikuletee."

Mimi nilishiba kwa maneno hayo. Mwenye kuleta ngozi ya ng'ombe mmoja njia yote ile, angeshindwaje kuleta habari za mwingine? Haijaletwa ngozi, basi yupo. Nimeolewa nikiwa na neno hilo, nimezaa nalo, nimemzika mume nalo. Wale wengine wa sandukuni wameisha, watoto wamewavunja, kutu imewala. Wakaja watu wa hoteli za watalii wakiulizia vitu vya zamani vya kupamba kaunta, Petro akanicheka, "Waambie una treni Loliondo." Niliwaambia. Ninayo, nikasema, imewekwa kwa mtu.

Ndiyo maana siku ile, furushi likiwa mapajani kwa Lemayian, sikutaka kuligusa. Si treni niliyoiogopa. Nilikuwa nimemshikilia Naserian kwa neno lile, miaka yote hiyo, na sasa yeye ameshakufa, na neno lenyewe linataka kufa sebuleni mbele ya Petro.

"Mama," Lemayian akasema taratibu, "hii ngozi ni ya kufungia tu. Mama alisema utakataa. Alisema nikuambie unyanyue kwanza."

Nikanyanyua. Mkono ukashuka.

Kamba niliikata kwa meno, sikuweza kusubiri kisu. Alikuwa Fahali. Rangi imechakaa juu ya kichwa na ubavuni, pale pale inapotakiwa kuchakaa. Nikamgeuza tumbo juu: meno mazima, yamelowa mafuta. Kona ya nyuma kushoto, mkato mrefu, mkato mfupi. Nikamtia ufunguo nikamweka juu ya sakafu ya saruji. Akatulia kwanza, kama anayefikiri. Halafu akaondoka, akapita chini ya meza, moja kwa moja mpaka akagonga mguu wa Petro.

Nililia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, wala sikujifuta.

"Bado," akasema Lemayian, akaingiza mkono ndani ya ngozi. Akatoa kitu kidogo cha bati la kopo la maziwa, kimekunjwa kwa nyundo, magurudumu yake vipande vya kandambili, bomba la moshi ni kifuniko cha betri. Mama yake aliwatengenezea yeye na ndugu zake wakiwa wadogo, akasema, wakawa wanacheza nacho nyuma ya Fahali mpaka walipooa. Nikakigeuza. Nyuma, upande wa kushoto, bati lilikuwa limekatwa: mkato mrefu, mkato mfupi.

"Alisema ndama ni wako," Lemayian akasema. "Maziwa tumekunywa sisi."

Nilimtembeza ndama kwenye saruji. Anachechemea vibaya, meno hana, ngozi ina makovu kila mahali. Nikamweka katikati ya meza ambapo hakuna mtu atakayemfikia bila kupita kwangu. Petro alikuwa ameinama, ameshikilia magoti yake, anamtazama Fahali aliyekuwa bado anasukuma mguu wake, anaunguruma, hataki kusimama.

"Haya, Petro," nikasema. "Na ile baiskeli ingekuwa wapi leo?"